Mawe manne mpaka nyumbani: kisa cha mama mbanika samaki

Kwa wagonjwa wa kifua kuna swali tunafundishwa kuuliza, je unaishiwa pumzi ukipanda mlima, sasa kwa Mwanza hilo swali halikusaidii sana maana nusu ya mji imekaa juu ya mawe na kila mtu anapanda, mzima anahema na mgonjwa anahema. Huyu mama nilipomuuliza akanijibu "mwanangu, mi nahesabu mawe". Akaeleza kwamba toka daladala inapomshusha mpaka mlangoni kwake kuna majabali ya kukalia, zamani alikuwa anayapita yote na beseni kichwani, baadae akaanza kukaa kwenye moja, halafu mawili, na siku aliyokuja kwetu alikuwa ameshafika manne na kwenye lile la nne anakaa mpaka kivuli kinamhama.

Nitamwita Mayu tu, kama Wasukuma tunavyomwita mama yeyote wa heshima. Kisa nakiandika kwa ridhaa yake na vitu vya kumtambulisha nimevibadilisha. Mi ni kliniko ofisa, nipo kituo cha huku pembeni ya ziwa, na Mayu alikuja na barua mkononi ya kuanzishiwa dawa za TB kwa mara ya tatu.

Ana miaka 58. Sigara hajawahi kuigusa hata siku moja. Ila toka 1989, akiwa binti wa miaka 22, anabanika samaki, na hapa inabidi nieleze kidogo kwa wasiojua ziwa letu. Dagaa unaweza kumwanika juani akakauka, furu naye hivyo hivyo, lakini sangara ana mafuta mengi, jua halimuwezi, lazima umbanike kwa moshi au umkaange. Sangara alipojaa ziwani miaka ile ya 80 wanawake wengi wa mwaloni, yani ufukweni samaki wanaposhushwa, wakapata kazi na kazi yenyewe ni ya moshi, banda la mabati au nyasi, chanja juu, kuni chini, na kuni zikiwa mbichi moshi unakuwa mzito kiasi kwamba mtu aliye ndani anasikika tu kwa kukohoa. Mayu alikuwa anaingia saa kumi alfajiri na kutoka mchana, siku tano au sita kwa wiki, miaka 36, huku akilea watoto saba na wote wamelala mgongoni kwake ndani ya banda hilo hilo. Akirudi nyumbani anapika kwa kuni tena.

Historia ya ugonjwa ni hii. Mwaka 2011 alipata TB kweli, makohozi yalionyesha wadudu, akameza dawa miezi sita akapona akarudi kazini. Mwaka 2019 kikohozi kikarudi, makohozi meupe kila asubuhi, pumzi inakata. Makohozi yakapimwa hamna kitu, GeneXpert, ile mashine ya kutafuta TB kwenye makohozi, nayo hamna kitu, lakini eksirei ikaonyesha kivuli juu kulia, akaanzishiwa tena miezi sita. Hakupata nafuu. Sehemu nyingine akaambiwa ni pumu akapewa aminofilini na salbutamoli za vidonge na baadae pampu za kuvuta, miguu ilipoanza kuvimba akaambiwa ni moyo akapewa dawa ya kukojoa, na kati ya hapo akawa anajinunulia predinisoloni, steroidi ya vidonge, duka la dawa kila akibanwa, wiki mbili, wiki tatu, wakati mwingine mwezi mzima. Na shangazi yake alikuwa na uhakika kwamba ametupiwa kitu na wenzake wa mwaloni kwa sababu ya wivu wa wateja.

Siwalaumu wenzangu waliomwona kabla na nasema hivyo kwa dhati. Ukiwa kwenye eneo lenye TB nyingi, mgonjwa amekonda, ana kovu kwenye pafu, anakohoa miezi, mkono unaenda wenyewe kwenye fomu ya TB. Lakini kovu la 2011 litaonekana kwenye picha mpaka anaingia kaburini, na kila atakayeangalia picha bila kuuliza habari za moshi atamwanzishia upya. Ndo maana ile barua ya mara ya tatu niliiweka mezani kwanza.

Siku ya kwanza tulikuta uzito kilo 43, anatoa pumzi kwa kubana midomo kama mtu anayepoza chai, kifua kimetanuka kama pipa, miguu imevimba mpaka kwenye ugoko, oksijeni ya kidoleni asilimia 89 akiwa amekaa. VVU hana. GeneXpert tukarudia, hamna TB. Picha ikaonyesha lile kovu la zamani, na zaidi ya kovu mapafu yote mawili yamejaa hewa mpaka kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, kimelala bapa. Altrasaundi ya moyo aliyofanyiwa hospitali ya rufaa ikaonyesha upande wa kulia wa moyo umetanuka kwa sababu ya presha ya kwenye mishipa ya mapafu, kwa hiyo moyo ulikuwa unaumwa kweli ila chanzo chake ni mapafu. Na mgongo uliokuwa unamuuma alikuwa anausingizia mabeseni, eksirei ya pembeni ikaonyesha pingili moja imebonyea. Predinisoloni ya miaka ile mifupa haikuisahau.

Bado tulikuwa hatujapima pumzi yenyewe, na hiki ndo kipimo kinachoamua. COPD, huu ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, hauthibitishwi kwa stetoskopu wala kwa eksirei, unathibitishwa kwa spairometri, mgonjwa anavuta pumzi mpaka mwisho halafu anaitoa yote kwa nguvu na mashine inahesabu hewa ya sekunde ya kwanza ni sehemu gani ya hewa yote. Unampa salbutamoli ya kuvuta mikrogramu 400, unasubiri dakika 15, unarudia. Kama bado sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya pumzi yote, njia zimeziba na hazifunguki vizuri. Mashine tuliazima kwa wiki moja. Mara ya kwanza Mayu akashindwa, anapuliza kistaarabu kama anaogopa kuichafua, mara ya pili hivyo hivyo, nesi akamwambia "Mayu, puliza kama unawasha kuni mbichi". Hapo akaelewa. Tukapata mipulizo mitatu mizuri na ile miwili mikubwa imekaribiana. Kabla ya dawa sekunde ya kwanza ilikuwa lita 0.86, baada ya dawa 0.94, pumzi yote lita 1.84, yani uwiano 0.51. Kwa umri na urefu wake ile 0.94 ni kama asilimia 43 ya anayotakiwa kuwa nayo, daraja la tatu kati ya manne. Na ongezeko la mililita 80 ni dogo mno, pumu ya kawaida ingefunguka zaidi ya hapo.

Kwa hiyo jibu ni COPD, yenye vyanzo viwili, moshi wa miaka 36 na makovu ya TB. Miongozo ya kimataifa ya GOLD toleo la 2023 ndo imetenga rasmi COPD ya moshi wa kuni na hewa chafu, na COPD ya maambukizi ikiwemo TB, kila moja na kundi lake. Kabla ya hapo ukisoma vitabu ulikuwa unapata picha ya mzee wa Ulaya na pakiti yake ya sigara.

Na hapa ndo penye jambo linalonikosesha usingizi. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 3.5 vya COPD kwa mwaka 2021, na kwa wanaokufa kabla ya miaka 70 karibu asilimia 90 wapo nchi za kipato cha chini na cha kati, yani kwetu. Utafiti wa kijijini hapa Tanzania uliotoka 2018 ulipima watu wa miaka 35 na kuendelea ukakuta asilimia 17.5 wana COPD, na ule wa Masindi kule Uganda wa 2015 ulikuta asilimia 16.2, kundi kubwa zaidi likiwa la vijana wa miaka 30 na kitu na karibu wote wanavuta moshi wa kuni. Sasa chukua tafiti zilizotuletea dawa. TORCH ya 2007, watu zaidi ya 6,000, ili uingie ulitakiwa uwe umevuta sigara angalau kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 10. UPLIFT ya 2008, watu 5,993, sharti ni hilo hilo. Mayu asingepita hata getini. Nilipokuwa namweleza kuhusu dawa akaniuliza swali zuri kuliko maswali mengi niliyosikia semina, "hizi dawa walizijaribu kwa watu wa moshi wa samaki?" Nikamwambia hapana Mayu, walizijaribu kwa wavuta sigara, tutazitumia kwa akili na tutakuangalia wewe mwenyewe zinakufanyaje. Akasema sawa, lakini niliona amekaa kimya muda.

Kuzitumia kwa akili maana yake kila uamuzi tulikuwa tunajiuliza ushahidi umetoka kwa nani na kipi kinahama kuja kwa Mayu na kipi hakihami.

Aminofilini ilikuwa rahisi. Uingereza 2018 walitoa matokeo ya utafiti wa watu 1,567 waliopewa teofilini, ndugu yake aminofilini, ya dozi ndogo pamoja na steroidi ya kuvuta, mashambulizi, yani zile siku za kubanwa sana, hayakupungua. Na Mayu kuna siku alipewa siprofloksasini ya tumbo wakati yupo kwenye aminofilini, moyo ukamwenda mbio na kutapika usiku kucha, maana siprofloksasini inazuia ini lisiivunje ile dawa na inajaa mwilini. Tukaiacha. Predinisoloni nayo tukamwekea sheria, akishambuliwa ni miligramu 40 kwa siku tano bas, Uswisi walilinganisha siku tano na siku 14 mwaka 2013 na hizo tano hazikuwa na upungufu wowote. Nilimwandikia binti yake kwenye karatasi kwa herufi kubwa SIKU TANO, ikabandikwa ukutani juu ya ndoo ya maji.

Oksijeni ilituchukua muda mrefu kwa sababu familia ilishaanza kuchanga. Kuna mtu aliwaambia mama bila mashine ya oksijeni nyumbani hamalizi mwaka, wakawa wanataka kuuza ng'ombe wawili. Nikawaambia subirini wiki sita. Tafiti zilizoonyesha oksijeni ya nyumbani inaongeza maisha ni mbili za zamani sana, ya Marekani 1980 na ya Uingereza 1981, na zilihusu watu ambao oksijeni yao imeshuka sana hata wakiwa wametulia, wakaivuta masaa 15 au zaidi kila siku. Baadae wakajiuliza je hawa ambao imeshuka kiasi tu? Utafiti wa LOTT wa 2016, wagonjwa 738, wenye 89 mpaka 93 wakiwa wamekaa au wanaoshuka wakitembea, haukuonyesha faida, si ya kuishi zaidi wala ya kuepuka kulazwa. Mayu alikuja na 89 akiwa kwenye shambulizi, baada ya wiki sita akawa 92. Ng'ombe wakabaki zizini. Na hapa oksijeni haiangalii kama moshi umetoka kwenye sigara au kwenye chanja, damu iliyopungukiwa ni damu iliyopungukiwa, kwa hiyo ushahidi wa Marekani niliuchukua bila wasiwasi.

Sehemu ambayo sikuuchukua bila wasiwasi ni steroidi ya kuvuta. Miongozo ya sasa inasema angalia eosinofili, zile chembe nyeupe za damu, zikifika 300 kwenda juu na mgonjwa anashambuliwa mara kwa mara basi steroidi ya kuvuta itamsaidia, zikiwa chini ya 100 usimpe. Tafiti kubwa kama IMPACT ya 2018 yenye watu zaidi ya 10,000 zimesaidia kujenga hizo namba. Eosinofili za Mayu zilikuwa 620. Daktari mmoja mwenzangu akasema tayari, mpe. Nikamwambia tulia kaka, huyu mama miaka yote anaingia ziwani mpaka magotini kupokea samaki, kichocho kinapandisha eosinofili na minyoo inapandisha, hiyo 620 ni ya mapafu au ya ziwa? Tukapima choo, mayai ya kichocho cha tumbo yapo. Tukampa prazikwanteli kwa uzito wake pamoja na dawa ya minyoo, baada ya miezi mitatu tukarudia damu, 190. Ukijumlisha kwamba steroidi ya kuvuta iliongeza nimonia kwenye TORCH yenyewe, na Mayu ana mapafu yenye makovu ya TB, tukaamua tusimpe kwa sasa. Sisemi kila mtu wa kando ya ziwa afanyiwe hivi, huyu ni mgonjwa mmoja, ila ningependa sana mtu mwenye hela ya utafiti aje apime hizo eosinofili kwa watu wa Ukerewe, Kayenze na Igombe kabla hatujaanza kufuata namba za Ulaya kwa macho yaliyofumbwa.

Dawa alizobaki nazo ni salbutamoli ya kuvuta akibanwa, na dawa ya kuvuta ya muda mrefu pale inapopatikana, kuna miezi ilikosekana kabisa mjini na hiyo nayo inauma. Tulimtengenezea chupa ya maji ya nusu lita, tumetoboa kitako ikakaa mdomo wa pampu, maana mwanzo alikuwa anapulizia dawa kwenye ulimi na nusu yake anaimeza. Nilipomwambia aonyeshe anavyotumia ndo nikagundua kwamba miaka minne ya pampu alizopewa huko nyuma karibu zote zimeishia tumboni. Hakuna aliyewahi kumwomba aonyeshe.

Halafu mazoezi. Hatuna chumba cha mazoezi ya mapafu, tuna veranda ya mita 30 na nesi mwenye saa. Mara tatu kwa wiki anatembea, anasimama, anakaa, ananyanyua chupa za maji, nyumbani anaendelea mwenyewe. Siku ya kwanza kwa dakika sita alitembea mita 240.

Na moshi. Nitasema ukweli, kumwambia mama wa miaka 58 mwenye wateja wake Mwaloni Kirumba aache kubanika ni sawa na kumwambia aache kula. Na kuhusu majiko bora ushahidi haujanyooka, Malawi walijaribu majiko yanayotoa moshi kidogo kwa watoto 10,750, matokeo ya 2016 yakaonyesha nimonia haikupungua, labda kwa sababu moshi mwingine ulikuwa unatoka kila upande. Ila kusini mwa China kuna vijiji walifuatilia watu karibu 1,000 kwa miaka tisa, matokeo yakatoka 2014, waliohamia biogesi na kuboresha upepo wa jikoni mapafu yao yalishuka taratibu kuliko wengine. Hicho ndo nilichokishika. Tulikaa na familia bandani kabisa, sio ofisini, tukakubaliana: ukuta wa upande wa ziwa utolewe upepo upite, kuni zikaushwe wiki mbili kabla ya kuwashwa, na Mayu ahamie kwenye kupanga bei na kuhesabu hela nje ya banda, asikae kwenye moto tena. Hili la mwisho ndo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu alisema samaki wakiungua jina linaloharibika ni lake.

Miezi sita baadae uzito kilo 46, miguu haijavimba, alishambuliwa mara moja tu wakati mwaka uliotangulia alihesabu mara nne, na zile dakika sita zikawa mita 305. Tukaazima tena mashine. Sekunde ya kwanza lita 0.96. Yani karibu pale pale. Kijana mmoja wa mafunzo akasikitika akaona tumefeli, nikamkumbusha kwamba hata UPLIFT kwa miaka minne dawa haikupunguza kasi ya mapafu kushuka lakini watu walishambuliwa mara chache zaidi na waliishi maisha yenye nafuu. Mapafu yaliyokwenda hayarudi. Mayu mwenyewe hakuuliza namba, alisema tu "saa hizi mwanangu ni mawe mawili, na la pili nakaa kwa sababu kuna jirani wa kuongea naye".

Siku hiyo alikuja na binti yake wa nne, miaka 31, ndo anayeshika moto sasa bandani. Nikamuuliza umeanza kubanika lini, akasema darasa la saba. Unakohoa? Akacheka, akasema kila mtu wa mwaloni anakohoa asubuhi. Mashine ilikuwa bado ipo kwa siku mbili. Akakaa kwenye kiti, na kabla nesi hajafungua mdomo Mayu akamwambia mwanae "puliza kama kuni mbichi". Akapuliza mara tatu vizuri. Uwiano 0.72. Kwa kitabu hana COPD, mashine imeandika kawaida, na kwa mwanamke wa miaka 31 mimi sikuipenda hiyo namba hata kidogo. Nimemwandikia arudi baada ya mwaka, kabla ya mvua za vuli, na kwenye kadi yake sehemu ya kazi palipokuwa pameandikwa mkulima nimepafuta nikaandika anabanika samaki, miaka 17.